Ligi za watoto chini ya miaka 10 Arusha na Moshi: msimamo wa pointi ubaki au ufutwe?

Kocha wa watoto, Njiro

Wakuu, naweka hoja mezani. Watoto wa miaka 7 hadi 10 wanaingizwa kwenye mabonanza na ligi ndogo, msimamo unabandikwa ukutani, mshindi anabeba kombe. Napendekeza msimamo ufutwe mpaka mtoto afikishe miaka 11.

Msimamo haumharibu mtoto moja kwa moja, unamharibu kocha kwanza. Akishaona yuko nyuma kwa pointi mbili, anapanga warefu, anamganda kipa mmoja msimu mzima, beki anaambiwa "butua!", na watoto watatu wanasugua benchi mpaka matokeo yawe salama. Vijeba, yaani waliozidi umri, nao huingilia mlango huohuo. Hakuna anayefoji cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mazoezi.

Norway wana kanuni za michezo ya watoto tangu 1987. Mashindano ya jirani yanaruhusiwa kuanzia mwaka mtoto anaotimiza miaka 6. Msimamo na orodha za matokeo ni kuanzia mwaka anaotimiza 11. Angalieni vizuri: hawakufuta mechi.

Mwalimu wa michezo, Moshi

Napinga, mkuu. Mtoto wa Pasua hapa Moshi akicheza chandimu anahesabu mabao bila refa wala karatasi ukutani. Mwambie hakuna mshindi, atajua wewe ndiye hujui mpira.

Halafu kuna UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mtoto anayefika darasa la tano bila kuonja ushindani wa kweli atatetemeka siku ya mchujo. Na wanaosema michezo ya timu inaleta nidhamu na ushirikiano, inaletaje? Watoto 22 kwenye uwanja wa wakubwa, wote wanaukimbilia mpira kama nyuki, kipa anachuma majani golini. Hilo si kosa la msimamo. Ni kosa la uwanja.

Kocha wa watoto, Njiro

Hapo kwenye uwanja tuko pamoja, na ndiko ningependa mjadala ukae.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 unatoa viwanja vinne vya watano kwa watano, kila kimoja mita 37 kwa 27 hivi, na njia za kupita zinabaki. Watoto 40 wanacheza kwa wakati mmoja badala ya 22. Viwanja vingi vya shule havifikii ukubwa huo na vina mteremko. Basi weka viwili, uvilaze kukingama mteremko ili timu moja isipandishe kilima kipindi kizima. Goli upana wa mita 3.66 na kimo mita 1.83, au koni tu. Ukitumia goli la chuma la kuhamishika, lifungwe chini kwa vigingi au ulikandamize kwa mifuko ya mchanga nyuma. Watoto huning'inia mtambaa wa panya, na goli lisilofungwa linaweza kuangukia kifua au kichwa na kuua.

Mpira uwe namba 3, au namba 4 kwa wanaokaribia 10. Namba 5, ule wa wakubwa, una gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka 8 akiupiga mara mbili na kidole gumba kikauma, anaanza kuukwepa, nasi tunamwita mwoga.

Sasa zamu. Timu ya watoto 8, watano uwanjani. Robo nne za dakika 8, badilisha kila dakika 4, unapata vipande vinane. Wape namba 1 hadi 8, wapumzike watatu watatu kwa mfuatano: 1-2-3, kisha 4-5-6, kisha 7-8-1, kisha 2-3-4, endelea hivyo. Kipande cha nane kikiisha, kila mtoto amecheza dakika 20 na kupumzika 12, na hakuna aliyekaa vipande viwili mfululizo. Kipa naye yumo kwenye zamu. Akikosekana mmoja hesabu haigawanyiki: watano watacheza vipande sita, wawili vitano. Waandike hao wawili, wiki ijayo wacheze zaidi.

Inaharibikia wapi? Dakika ya 28, mko 2-2, na zamu inamtoa straika wako. Kocha anajifanya saa imesimama. Msimamo ndio unaoisimamisha hiyo saa.

Kocha wa netiboli, Sakina

Mnazungumza kana kwamba timu ni mpira wa miguu peke yake. Kwenye netiboli shida imo ndani ya sheria zenyewe: kila nafasi ina mipaka yake. Binti anayevalishwa GK (mlinda goli) kwa sababu ni mrefu haruhusiwi kutoka theluthi yake ya uwanja, kwa hiyo msimu mzima hajifunzi kupokea mpira akiwa mbioni. Zungusha vizibao vya nafasi kila robo.

Na pete ishushwe. Kimo cha wakubwa ni mita 3.05, kwa chini ya miaka 10 iwe 2.4, mpira namba 4. Ikibaki juu, mtoto anarusha kwa kiuno na mgongo, na tabia hiyo haimwachi kirahisi. Sheria ya sekunde tatu nayo muwaongezee ziwe tano au sita mwanzoni, maana wakibanwa na muda wanatupa mpira hovyo badala ya kutazama nani yuko wazi.

Kuhusu msimamo sina ugomvi mkubwa. Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, haina msimamo, na wasichana wanaicheza mpaka kiza kinaingia.

Mtaalamu wa viungo, Arusha

Niongeze la afya. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, mfupa wa kisigino bado unakua, na msuli wa shavu la mguu unauvuta pale unapojishika. Mtoto akikimbia kila siku kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, tena kwa njumu zenye meno marefu, anaanza kuchechemea baada ya mechi. Tafadhali acheni kumchua kwa nguvu na kumrudisha uwanjani. Mpunguzieni mbio, mbadilishieni njumu kwa raba zenye soli nene, na anayechechemea atoke, hata kama ni fainali. Ligi ya mechi tatu kwa siku moja ni kiwanda cha visigino vibovu.

Vichwa pia. Marekani, shirikisho lao la soka lilizuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa tangu 2015. Hapa hilo halihitaji fedha hata senti.

Mdau wa riadha

Karatu ilimtoa Filbert Bayi, rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, mchezo wa mtu mmoja. Msimlazimishe kila mtoto timu.

Mwalimu wa michezo, Moshi

Hakuna anayelazimisha, ila mkimbiaji naye apewe kijiti cha mbio za kupokezana, ajue maana ya kumngoja mwenzake.

Kocha, hesabu ya zamu naichukua. Lakini bila kuandika matokeo utazipangaje timu? Timu inayofungwa 9-0 kila Jumamosi itabaki na watoto wanne.

Kocha wa watoto, Njiro

Matokeo yaandikwe kwenye daftari la mratibu, yatumike kupangia wanaolingana. Na timu ikizidiwa mabao manne, iongeze mchezaji mmoja mpaka pengo lishuke. Angalia pia miezi ya kuzaliwa: kwenye kundi la mwaka mmoja, wa Januari anamzidi wa Desemba karibu miezi 12, na makocha huita hiyo "kipaji".

Mwalimu wa michezo, Moshi

Kama daftari lipo, msimamo upo. Tunabishania ukuta tu.

Kocha wa watoto, Njiro

Ndiyo, mwalimu, nabishania ukuta. Mzazi hasomi daftari akiwa pembeni ya uwanja.

Mwalimu wa michezo, Moshi

Mzazi wa huku ataliomba.