"Shetani alinipitia": ni toba au ni kukwepa?

Mtoa mada: Wapendwa, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, naomba tulijadili bila kutoleana povu.

Mhazini wa kwaya moja ninayoifahamu alisimama mbele ya kanisa kutubu. Fedha zilizochangwa kwa miezi kadhaa ili kununua kinanda hazipo. Alilia, na mimi naamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila nilikuwa nasikiliza vitenzi. "Fedha zilitumika." "Hesabu ziliharibika." "Shetani alinipitia." Alizungumza dakika kama tano hivi na sikusikia "nilizitumia" hata mara moja. Tukasema amina, akaombewa, akaketi.

Kiswahili chetu kinatupa maficho mazuri mno. Mtoto akiangusha kikombe hasemi "nimekivunja", husema "kimevunjika", utadhani kikombe kilijiamulia chenyewe. Tukikua tunaendelea nayo: hela zimeisha, maneno yamenitoka, mimba ikaingia.

Haruni ndiye babu wa lugha hii. Someni Kutoka 32. Mstari wa 4 anapokea dhahabu mikononi mwa watu na kuitengeneza ndama kwa patasi. Mstari wa 24, Musa akimhoji, anasema aliitupa tu motoni, akatoka ndama. Akatoka! Patasi imeyeyukia wapi? Kila nikifika hapo nacheka, halafu najikumbuka mwenyewe nanyamaza.

Msimamo wangu: Shetani yupo na anajaribu, lakini saini ya benki si yake. Yakobo 1:14 anasema mtu hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe. Pale bustanini Adamu alimsukumia Hawa (na kwa chinichini akamsukumia Mungu: mwanamke *uliyenipa*), Hawa akamsukumia nyoka. Nyoka akahukumiwa wa kwanza, ni kweli, lakini kesi za wale wawili hazikufutwa. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mtoa mada, unauchukulia ulimwengu wa roho kirahisi. Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Luka 22:3 inasema wazi kwamba Shetani alimwingia Yuda. Hayo unayalinganishaje na mtoto na kikombe?

Mtoa mada: Ndugu, soma Matendo 5 polepole. Mstari wa 3 Petro anamuuliza Anania, aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, kwa nini Shetani amemjaza moyo. Mstari wa 4, hajapumua hata, anamuuliza kwa nini *yeye* ameliweka neno hilo moyoni mwake, na kumkumbusha kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha zake zilikuwa chini ya mamlaka yake. Petro hakuona shida kuyasema yote mawili. Sisi ndio tunaochagua moja, na siku zote tunachagua lile linalotupunguzia.

Mchangiaji wa pili: Na wale ambao ulevi umeanzia kwa babu? Kutoka 20:5 inasema Mungu hupatiliza maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo nami sikubali. Waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Ezekieli 18 Mungu akaipiga marufuku methali hiyo. Urithi wa nyumbani ni mzigo, tena mzito, lakini haukunywei.

Mchangiaji wa tatu: Mnarudia ugomvi wa Erasmus na Luther, wanazuoni wa Ulaya wa karne ya 16, juu ya hiari ya mwanadamu. Erasmus aliandika 1524, Luther akamjibu 1525. Hawakuafikiana, sembuse sisi.

Mchangiaji wa nne: Niruhusuni. Huu ni mwaka wangu wa pili bila pombe. Mtoa mada, unataka mtu aseme "nilizitumia". Mimi nilikuwa nasema kila asubuhi: ni mimi, nimekunywa mimi, nimeivunja ndoa yangu mimi. Vitenzi vilikuwa sahihi kabisa, na jioni nilikuwa nimeinama kwenye chupa, maana nani anaweza kukaa na mtu wa namna hiyo akiwa mzima? Warumi 7 Paulo anaposema si yeye atendaye, bali dhambi ikaayo ndani yake, wewe utasema anakwepa. Kwangu mimi ule mstari ulinipa nafasi ya kupumua, na nilipopumua ndipo nikaweza kwenda kwa niliowakosea.

Na Yuda mmemtaja harakaharaka mkampita. Mathayo 27 alikiri kwa kinywa chake kwamba amekosa, akasema amesaliti damu isiyo na hatia. Akawarudishia makuhani vipande vyote 30 vya fedha. Alifanya yote mnayomdai mhazini! Wale makuhani wakamjibu kwamba hilo haliwahusu, atajua mwenyewe. Akatoka, akajinyonga.

Mtoa mada: Nimekaa na hili la Yuda tangu jana usiku. Nimesoma sura hiyo sijui mara ngapi na sikuwahi kuwasikia makuhani.

Kuhusu vitenzi bado sibanduki. Ila ile amina yetu ya Jumapili sasa inanisumbua kuliko hotuba yake. Hakuna aliyemuuliza ni kiasi gani, wala atarudisha vipi, wala nani atakaa naye wakati anarudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru, alitaja mwenyewe kiwango cha kurudisha, mara nne, sawa na sheria ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22, lakini aliyataja hayo Yesu akiwa tayari ameingia nyumbani kwake.

Nimempigia mhazini asubuhi hii, hakupokea. Nimemwandikia: "Nikija kesho jioni tukae na daftari la michango, utakuwepo?" Ameshausoma ujumbe. Bado hajajibu.