Jethro Tull laivu uwanja wa wazi Ujerumani, mzee anakaribia miaka 80: niende au nibaki na kanda zangu?

Ngosha_Nyegezi:

Wakuu habari za jioni, najua humu wengi ni watu wa bongo fleva na dansi ila wapo pia wachache wa roki ya zamani wamekaa kimya, leo nawaomba mjitokeze.

Iko hivi, kazini kwetu kuna mpango wa kutembeleana na watu wa Würzburg, ule mji rafiki wa Mwanza tangu 1966, na safari hii jina langu limepita. Naenda wakati kule ni kiangazi. Mwenyeji wangu tulikua tunachati akaniuliza unapenda muziki gani nikamjibu Jethro Tull, ile bendi ya roki ya Uingereza, akapiga simu kabisa kuhakikisha mana hakutegemea mtu wa huku ziwani aijue hiyo bendi, kumbe na yeye ni mpenzi wao tangu yuko shule. Sasa anasema wanapiga uwanja wa wazi mji wa jirani wiki hiyohiyo nitakayokuwepo, tiketi inacheza kwenye euro 75, yaani laki mbili na ushee za kwetu, nikisema ndiyo anakata leo.

Mimi hii bendi nimeipata kwa mjomba, alikua mhasibu kwenye ginari la pamba, na redio kaseti yake kubwa na kanda kaziandika majina kwa peni nyekundu. Jumapili baada ya misa alikua anaweka ile albamu yao ya 1972 ambayo ni wimbo mmoja mwanzo mwisho, upande wa kwanza ukiisha unageuza unakuta wimbo bado unaendelea. Nilikua mdogo nasubiri uishe nikacheze mpira hauishi, mpaka nikaanza kujua filimbi inaingia wapi na kinanda kinaitikia wapi. Mjomba ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo hii kwangu sio starehe tu.

Kinachonikwaza ni kwamba nimeangalia video za karibuni, sauti ya Ian Anderson, mwimbaji na mpiga filimbi wao, imepungua sana, zile za juu hazifikii tena. Na wenzake wa zamani hawapo, hata Martin Barre aliyeingia na gitaa lake mwisho wa 1968 akakaa zaidi ya miaka 40 hayupo. Naogopa niende nikaharibu kile nilichonacho kichwani. Aliyewahi kuwaona anipe ukweli, na pia hayo matamasha ya nje ya wenzetu yakoje, mnakaa, mnasimama, mvua ikija inakuaje?

Dada_wa_Bwiru:

Ngosha nenda. Nakwambia nenda kabla hata sijaanza kueleza.

Mimi nilikaa Ujerumani upande wa kusini nikisomea uuguzi na niliwaona, ilikua ua wa ngome ya zamani, viti vimepangwa mistari na namba, watu wengi umri wa wazazi wetu, nywele nyeupe, fulana za ziara za miaka ya 70 zimefuliwa mpaka maandishi hayasomeki. Kitu cha kwanza kitakachokuchanganya ni jua. Tiketi imeandikwa saa mbili usiku unafika unakuta ni mchana kabisa, mwezi wa saba kule jua linazama saa tatu na dakika zake, kwa hiyo nusu ya kwanza unawaona kwa mwanga wa jua bila taa hata moja na nusu ya pili ndio taa zinaanza kuleta maana. Sisi tuliozoea saa moja giza limeshashika inachukua muda kuzoea.

Cha pili watazamaji hawachezi. Mtu aliyezoea Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Kisukuma kule Bujora, ambako makundi ya Bagika na Bagalu yanapiga kwa wakati mmoja na watu wanakimbilia upande wenye moto, ataona hawa wamenuna. Hawajanuna, wanasikiliza. Kuna mzee alikaa mbele yangu alikua anahesabu kwa vidole gotini, ule wimbo wao wa 1969 unaoenda mapigo matano badala ya manne, na kila duara likifunga anatikisa kichwa. Halafu simu weka mfukoni kabisa, siku hizi Anderson anatangaza kabla ya shoo kwamba picha na video zinaruhusiwa mwisho kabisa tu wakirudi kwa wimbo wa kuagia, na watu wanatii kweli. Nakuhakikishia utashukuru, mbele yako hakuna msitu wa simu.

Sasa kuhusu sauti. Ni kweli imepungua na sikufichi. Mwenyewe alisema hadharani 2020 kwamba ana ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana pumzi, na akautaja moshi wa mashine za stejini alioishi nao miaka 50. Mimi kama muuguzi nilikua namuangalia kifua zaidi ya wengine nadhani. Anaimba mistari miwili, anarudi nyuma hatua, bega linapanda, anavuta pumzi kwa pua taratibu, ndipo anaweka filimbi mdomoni. Na akishaiweka, ndugu yangu, huyo ni mtu mwingine. Anapuliza huku anaguna ndani ya filimbi, sauti mbili kwa pamoja, ya mtu na ya chombo, inakwaruza, halafu mguu mmoja unapanda kweli kama kwenye picha. Haukai juu kama zamani ila unapanda. Mtu mwenye mapafu hayo kushika filimbi saa nzima na zaidi, mimi nililia na sikujua nalia nini.

Vya vitendo: begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4 la sivyo unaliacha getini, miavuli kwa kawaida hairuhusiwi kwa hiyo nunua koti la mvua la plastiki, sweta beba hata kama mchana ulikua jasho, na kikombe cha kinywaji unakilipia dhamana kidogo, usikitupe kirudishe upewe hela yako.

Fundi_Mitambo_Igogo:

Dada wa Bwiru kamaliza habari ya watu, mimi niongeze ya saundi mana hiyo ndo kazi yangu, nafunga spika harusi, mikutano ya injili, shoo za Furahisha, popote.

Mkuu usichague kiti kwa kuangalia ukaribu na steji. Uwanja wa wazi hauna ukuta wala dari ya kukurudishia sauti, unachosikia ni kile kinachotoka kwenye spika moja kwa moja basi. Ukikaa mbele kabisa unakua chini ya spika kubwa, unasikia ngoma na gitaa za stejini zaidi kuliko kile fundi amechanganya. Ukikaa nyuma sana, mita 100 hivi, sauti inakufikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kuona kwa macho, unaona fimbo imegusa ngoma ndo unasikia, kwa muziki wa kuhesabu kama huo inakera sana. Na upepo, upepo ndo adui wa filimbi, besi inapita tu ila sauti nyembamba za juu zinapeperushwa, mara unaisikia mara inapotea. Pale Furahisha upepo wa ziwa ukianza mchana mimi nahangaika na hizo za juu mpaka jioni utulie.

Tafuta meza ya fundi mitambo iko wapi, ile yenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, katikati ya uwanja, kaa hapo nyuma yake au pembeni kidogo. Fundi anarekebisha anachosikia yeye, ukikaa alipo unapata kilekile. Kama namba za viti zinachagulika mwambie mwenyeji wako aangalie ramani kabla hajalipa.

Kitu kingine, kama uwanja uko karibu na mto, jioni hewa ya juu ya maji inapoa wakati ya juu zaidi bado ina joto, sauti badala ya kupotea angani inapindishwa kurudi chini na inasafiri mbali. Ndo mana harusi ya Capri Point usiku ukitulia sisi Igogo tunaisikia mpaka maneno ya MC. Kwa hiyo usikate tamaa kama mwanzo wa shoo saundi ni nyepesi, giza likiingia inakaa sawa.

Mzee_Kirumba:

Vijana nawasalimu. Hao wazungu wenu siwajui vizuri ila swali la kijana nalijua sana, mana ni swali la bendi zote kongwe.

Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ikaja JUWATA, ikaja OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mwimbaji Mzee Gurumo alikuwepo tangu mwanzo, akatoka akaenda kuanzisha bendi ya Sikinde 1978, baadae akarudi, akafariki 2014. Mwimbaji mwenzake TX Moshi alifariki 2006. Hesabu mwenyewe wamebaki wangapi wa ile 1964. Lakini bendi ikija hapa Mwanza ikipiga zile za zamani, wale vijana kwenye tarumbeta wanapiga vilevile zilivyoandikwa, na mimi na mke wangu tunasimama. Sisimami kwa ajili ya sura, nasimama kwa ajili ya ule mpangilio. Bendi ni mpangilio. Kama hao vijana wake wanapiga kama inavyotakiwa, nenda kasikilize kazi ya mjomba wako.

Kanda_Original:

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote mimi sikubaliani. Msondo ni mali ya wengi tangu siku ya kwanza, ilikua bendi ya chama, waimbaji wanapokezana, mtu akitoka mwingine anashika nafasi, ilijengwa hivyo. Jethro Tull ni mtu mmoja na sauti yake. Sauti ikiondoka mpangilio unabaki bila mwenye kuusema. Mimi ninazo rekodi zao za laivu za miaka ya 70, Barre na gitaa lake, Anderson anapanda noti zile bila kuhangaika, kwangu hiyo ndo bendi. Hiyo laki mbili Ngosha kanunue spika nzuri usikilize kanda za mjomba zinavyostahili. Sisemi kwa ubaya, nasema kama mtu anayewapenda.

Mzee_Kirumba:

Marahaba mwanangu. Spika atazikuta hata akirudi. Huyo mtu wa filimbi hatumkuti kila tukitaka.

Vizimba_Ilemela:

Mimi napita tu ila kuna kitu wengi hamkijui kuhusu Anderson na kinanifanya nimpende zaidi. Huyu bwana mwishoni mwa miaka ya 70 alinunua shamba kubwa kisiwa cha Skye huko Scotland na akawa mfugaji wa samaki kabisa, wale salmon, vizimba vipo baharini, ana wafanyakazi, ana viwanda vya kusindika, kwa miaka mingi tu huku bendi inaendelea. Sisi tunaofuga sato kwenye vizimba hapa ziwani tunajua ile kazi ilivyo, chakula bei juu, nyavu zinachanika, hewa ya maji ikishuka alfajiri unakuta samaki wanaelea. Mtu anafanya hiyo na bado anatunga albamu. Na jina lenyewe la bendi ni la mkulima, Jethro Tull wa Uingereza aliyetengeneza mashine ya kupandia mbegu kwa mistari 1701. Bendi ya watu wa shamba hii, ina haki ya kupendwa Usukumani.

Na wasikudanganye kwamba wanaishi kwa nyimbo za zamani tu, wametoa albamu mpya 2022, 2023 na 2025. Mtu anayekaribia 80 anayetoa albamu tatu ndani ya miaka minne hajaja kuaga.

Dada_wa_Bwiru:

Kanda_Original naelewa unachosema, ila mimi nimesikia zote mbili, rekodi na mtu mwenyewe. Kwenye rekodi husikii anavyovuta pumzi. Pale uwanjani ndo nilijua kila mstari unamgharimu nini, na zile nyimbo za kuzeeka alizoandika akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu sasa anaziimba akiwa na umri unaostahili. Zinaingia tofauti kabisa. Sauti ya kijana ilikua nzuri, hii ya sasa ina ukweli ndani yake.

Ngosha_Nyegezi:

Wakuu nashukuru sana, nimesoma zote na mzee shikamoo.

Nimempigia mwenyeji jana usiku, amekata viti viwili nyuma ya meza ya fundi upande wa kushoto, alishangaa najuaje habari za meza, nikamwambia nina fundi wangu Igogo. Anasema uwanja uko juu ya mto, kwa hiyo hiyo ya giza na hewa ya maji nitaisubiri. Kanda_Original spika nitanunua tu kaka, bajeti ya mwezi wa kumi, ila hii kwanza.

Swali la mwisho kwa dada wa Bwiru, shoo ikiisha saa tano usiku treni za kurudi zinakuaje kule, au mlilala hukohuko? Na koti la mvua ninunue hapa Makoroboi au kule getini wanauza?

Dada_wa_Bwiru:

Nunua Makoroboi, kule getini wanapandisha bei wingu likitokea. Treni ya mwisho angalia ratiba mapema kwenye simu, miji midogo inakata mapema na nyimbo zao ndefu hazijali ratiba. Sisi tulipanda ya mwisho tukiwa tumesimama, behewa zima ni watu wa shoo. Kaa karibu na mlango wa kutokea wimbo wa mwisho ukianza, ila usitoke kabla haujaisha.