Mimi ni mkimya, je na mimi naweza kushuhudia?

Mkimya77:
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, hili jambo linanisumbua muda sana. Mi nimeokoka na Yesu nampenda kweli, ila ni mkimya tangu utotoni, nikisimama mbele za watu sauti inakata. Kanisani tunahimizwa kutoka kushuhudia nyumba kwa nyumba, sasa mwezi jana nikapangwa na dada mmoja, yani yeye anaongea na mtu yeyote kama wamekua pamoja, watu wakamsikiliza wakacheka naye, ilipofika zamu yangu nikaanza kukariri ile mistari tuliyofundishwa harakaharaka hadi yule mama tuliyemkuta akaniambia mwanangu pumua kwanza. Nilirudi nyumbani nikalia. Sio kwamba sina cha kusema, tukiwa wawili naongea vizuri tu na watu wenyewe hunifata wakiwa na shida zao. Sasa niombe Mungu anibadilishe niwe kama yule dada au nimtumikie hivihivi nilivyo?

MamaNeema:
Amina, pole sana mwanangu. Wewe hebu kamsome Andrea. Siku ya Pentekoste Petro alisimama akahubiri wakaongezeka watu kama 3,000, sote tunaijua hiyo, lakini huyo Petro nani alimpeleka kwa Yesu? Ni Andrea ndugu yake, alimtafuta akamwambia tumemwona Masihi, akamleta (Yohana 1:41-42). Kwenye Biblia hukuti hubiri hata moja la Andrea. Ila kwenye Yohana kila ukimkuta anafanya kitu kuna mtu anamleta, sura ya 6 ndo aliyesema kuna mtoto hapa ana mikate mitano na samaki wawili, sura ya 12 wale Wayunani waliotaka kumwona Yesu walipitia kwa Filipo, naye Filipo akaenda kumwambia nani? Andrea. Mtu mmoja mmoja. Nakuambia ukweli kwenye uimbaji na ualimu tunakubali kila mtu na karama yake, ikija kushuhudia tunataka wote wawe Petro, na hapo tunawaumiza watoto wetu bure.

Mzee_wa_Zamu:
Mama umesema vizuri ila naomba nipingane kidogo. Nimeona watu wengi wanajificha nyuma ya neno "ndivyo nilivyo", miaka inapita hajamtaja Yesu kwa mtu hata mmoja, anasema matendo yangu yanahubiri. Matendo ni muhimu sana lakini jirani ataona wewe ni mtu mwema basi, atajuaje ni kwa sababu ya nani? Warumi 10:14, wamwaminije yeye wasiyemsikia. Musa alisema yeye si msemaji, ulimi mzito, Mungu akakasirika, akampa Haruni wa kumsaidia lakini safari haikufutwa, alienda kwa Farao. Na Paulo anawaambia Wakorintho wazi kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Kwa hiyo ndugu tumia ukimya wako sawa, ila siku mtu akikuuliza fungua mdomo, 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini tulilo nalo, tena kwa upole na kwa hofu. Upole huo nadhani wewe unao tayari.

Mwongeaji_Dada:
Mi ni wa upande wa pili, naongea na kila mtu na niwaambie kabisa huku nako kuna shida zake. Kuna rafiki nilimshuhudia karibu mwaka mzima, siku moja akaniambia wewe unanipenda ila hujawahi kuniuliza mama yangu anaendeleaje. Mama yake alikuwa mgonjwa muda wote huo, mi sikujua. Iliniuma mno. Tangu siku hiyo najifunza kwa watu kama Mkimya77, nauliza halafu nanyamaza kweli, sio kunyamaza huku natafuta pa kuingilia. Yesu mwenyewe pale kisimani alianza kwa kumuomba yule mama Msamaria maji ya kunywa. Na mistari ya kukariri achana nayo kama inakubana, sema yaliyokupata wewe, yule kipofu wa Yohana 9 walipombana na maswali ya dini alijibu nalikuwa kipofu, sasa naona, na hawakuwa na la kumjibu zaidi ya kumtukana na kumtoa nje.

FundiKimya:
Naongezea kidogo tu. Mathayo alipoitwa alifanya karamu kubwa akaalika watoza ushuru wenzake wakae na Yesu (Luka 5:29), Dorkasi alishona nguo za wajane. Mimi kuongea siwezi ila naandika, mtu akipitia magumu namtumia meseji ndefu namwambia nimekuombea na kwa nini naomba. Wengine wanajibu baada ya miezi.

Mkimya77:
Nimesoma zote mara mbili, Mungu awabariki. Mzee hapo kwenye kuulizwa umenigusa maana kuna mwenzangu kazini aliniuliza wiki mbili zilizopita, wewe mbona tulivyopunguzwa mshahara hukupaniki kama sisi? Nikamjibu kawaida tu, nikaendelea na kazi. Kumbe nilifunguliwa mlango nikaufunga mwenyewe. Nimemwandikia sasa hivi kwamba lile swali sikulijibu vizuri, akasema tuongee kesho saa saba mchana tukila. Tutakuwa wawili tu. Naombeni mniombee.

MamaNeema:
Saa saba nitakuwa magotini mwanangu. Jina la huyo mwenzako nitumie inbox nimtaje na yeye.