Hilux ya zamani, mkono wa gia wa kwenye stelingi umelegea mno, msaada wakuu

nyanya_za_ilula
Wakuu habari za mchana. Nna Hilux pikapu ya miaka ya 80, petroli, gia nne za kwenye stelingi, ile yenye siti moja ndefu mbele. Nabebea nyanya kutoka Ilula kwenda Iringa mjini na mara mojamoja nashuka nayo Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni. Sasa mkono wa gia umelegea hatari, ikiwa fri (haipo kwenye gia yoyote) unaning'inia wenyewe, ukiushika unacheza juu chini karibu shibiri nzima ndo gia isikie. Moja na mbili zinaingia ila kutoka mbili kwenda tatu naitafuta kama stesheni ya redio, na juzi ikagoma kabisa mlimani, siyo fri siyo gia, mkono hauendi popote, malori yananipigia honi nyuma. Fundi mmoja kasema tuuchomelee pale unapoingia kwenye stelingi utatulia, mwingine kasema giaboksi imekufa ninunue nyingine. Nafikiria kuuza tu. Mnasemaje?

spana_14
Asichomelee mtu chochote hapo mkuu. Ule mkono lazima ucheze kwenye pini yake, ukiuvuta kwako au ukiusukuma mbele ndo unachagua njia ya gia, ukishachomelewa huchagui tena, na waya za honi na indiketa zimepita hapohapo zitaungua. Giaboksi nayo muache kwanza.

Fanya hivi, zima gari, hendibreki juu, weka mawe kwenye matairi. Mtu akae ndani atikise mkono wa gia polepole, wewe fungua boneti uangalie pale chini shafti ya stelingi inapotokea. Utaona vimkono viwili, kila kimoja kimeshika rodi inayoenda giaboksi, moja ni ya kuchagua njia na nyingine ni ya kuingiza gia. Fuata kwa macho kutoka juu kwenda chini, popote utakapoona huku kumetembea na kule hakujatembea basi ugonjwa uko hapo katikati, huhitaji hata kufungua nati. Mara nyingi ni bushi za nailoni (vile vipete vya plastiki) kwenye ncha za rodi, zinalika mpaka tundu linakuwa yai.

Na hiyo ya mbili kwenda tatu ndo inanipa picha, maana hapo unatoka njia ya moja na mbili unaingia ya tatu na nne. Anza na rodi ya kuchagua.

mama_pikapu
Naongezea, ikigoma tena njiani usilazimishe mkono utaupinda. Inakuwa imeshika njia mbili kwa pamoja. Zima injini, weka mawe, ingia chini, vile vimkono vya ubavuni mwa giaboksi visukume kwa mkono vikae fri, halafu ndo urudi ndani. Ila pale Kitonga usijaribu kuingia chini ya gari barabarani, jisukume pembeni kabisa kwanza, yale malori yakishuka hayana mchezo.

grogan_254
Boss, Kenya hii shida tumekuwa nayo na pickup nyingi za column (gia za kwenye stelingi), dawa ni bushi tu. Mekanika wangu hukata ndala anatengeneza bushi, inashika vizuri.

spana_14
@grogan_254 ndala inakufikisha nyumbani, sikatai, lakini oili na joto vinailainisha, baada ya muda unarudi palepale. Mtu anayeshuka mlima na mzigo simshauri hiyo.

grogan_254
Sawa sawa, sijasema akae nayo milele. Hata Kirinyaga Road hapa Nairobi bushi zenyewe zinapatikana, wacha tu kuenda bila sampo (ile ya zamani) ama chassis number, watakuuzia ya Hiace.

kibosile_mdogo
Uza hiyo chuma mkuu nunua Noah 😂

nyanya_za_ilula
Noah kreti za nyanya nitapanga wapi ndugu

diseli_mstaafu
Vijana mmesahau maunti, zile raba zinazobeba injini na giaboksi. Stelingi imefungwa kwenye bodi, giaboksi imekalia raba zake, raba zikifa injini inahama ukikanyaga mafuta na rodi zinavutwa nayo, utabadilisha bushi mpaka uchoke. Weka jeki na ubao chini ya giaboksi, inua kidogo tu, ukiona raba imeachana na chuma chake basi badilisha. Halafu kule juu, pini ya mkono wenyewe ikiwa imelika na tundu limepanuka, peleka kwa wachongaji (Dar ni Gerezani, huko Iringa hawakosekani) watanue tundu liwe duara na wakuchongee pini nene kidogo. Wengine wanafunga kipande cha kopo la soda kwenye pini. Inakaa kaa kidogo halafu inatafuna tundu zaidi.

nyanya_za_ilula
Wakuu mrejesho. Nimeingia chini leo na kijana wangu akatikisa. Rodi moja haina bushi kabisa, chuma kwa chuma, na kotapini (kile kipini cha kuzuia rodi isichomoke) hamna, mtu kafunga waya wa kuanikia nguo sijui! Ile nyingine bushi ipo ila imepasuka. Pini ya juu inacheza kidogo. Maunti naona nzima. Bushi nimeagizia Shauri Moyo, Dar, na sampo nimewatumia kwa basi. Swali, zikifika nafunga tu au kuna kuseti?

spana_14
Lazima useti, maana rodi zako zimerekebishwa kufuata ule ulegevu. Usiguse loku nati (nati inayofunga urefu wa rodi) kabla hujapiga rangi kidogo pale zilipo, ukipotea unarudi. Paka grisi, weka washa (kile kiduara cha chuma) na kotapini mpya. Kisha giaboksi fri, mkono wa gia fri, legeza loku nati, zungusha mpaka ncha ya rodi iingie kwenye tundu lake yenyewe bila kuvutwa, kaza. Ukiwa bado umezima gari ingiza gia zote na rivasi pia, ndo uwashe. Ikiwa gia zinaingia vizuri ukiwa umezima ila ukiwasha zinalia, hiyo ni klachi haiachii, rekebisha klachi, rodi usiziguse tena.

diseli_mstaafu
Na pini ya juu ichongeshe wikiendi hiyohiyo, usiseme inacheza kidogo.