Dogo anakwama kwenye maswali ya SAT ya kusogeza mstari, naombeni msaada

Mkazi wa Tabata: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, anajiandaa na SAT ili aombe vyuo Marekani. Hesabu nyingi anazimudu, ila hizi zinamtesa. Mfano: mstari 2x + 3y = 12 umesogezwa chini vizio 2, utakata mhimili wa x wapi? Yeye kaandika 2x + 3y = 10, akapata 5. Jibu ni 3. Wapi kakosea?

Ticha Mstaafu: Kapunguza 2 upande wa kulia kana kwamba y iko peke yake, wakati imebeba 3. Mstari ukishuka 2, mahali pa y weka y + 2: 2x + 3(y + 2) = 12, yaani 2x + 3y = 6. Weka y = 0, x ni 3.

Mkazi wa Tabata: Shikamoo Ticha. Mbona kushuka tumejumlisha?

Ticha Mstaafu: Marahaba. Kwa sababu nukta iliyo kwenye mstari mpya, zamani ilikuwa juu yake kwa vizio 2. Mlinganyo wa zamani unataka anwani ya zamani. Kulia ni hivyohivyo: ukienda kulia 4, x inakuwa x − 4. Watoto wanakariri "juu jumlisha, kulia toa" wakidhani ni sheria mbili. Ni moja tu. Y ikiwa peke yake, namba inavuka upande wa pili na kubadili ishara.

Binti Hesabu: Mnajitesa bure. SAT ya siku hizi ni ya kompyuta, na kikokotoo cha Desmos kimo humohumo (sio kile cha wastaafu 😂). Aandike mlinganyo, achore, asome jibu.

Ticha Mstaafu: Akisharekebisha mlinganyo, sawa. Akiandika ule wa 10, Desmos itamchorea ule wa 10 vizuri kabisa.

Binti Hesabu: Hapo umenipata 🙌 Ila muda nao mdogo Ticha, maswali 22 kwa dakika 35, mara mbili.

Mkazi wa Tabata: Nimempa y = 3x − 5 aisogeze kulia 2. Kaleta y = 3x − 11. Yuko sahihi?

Ticha Mstaafu: Sahihi. Sasa mwambie aushushe ule wa y = 3x − 5 vizio 6, halafu akueleze kwa nini umetoka uleule.