Leseni ya kuni msitu wa serikali Kenya: risiti ya CFA (chama cha jamii cha msitu) inatosha?

mama_kuni_9
Habari zenu wadau. Sisi ni kikundi cha akina mama tisa upande wa Kinangop, na tunataka kuokota kuni msitu wa Aberdare bila kukimbizana na marenja. Kuna wanaosema ukishalipa CFA umemaliza, wengine wanasema lazima uende kwa foresta, yaani ofisa wa kituo cha msitu. Je, mti uliokauka ukiwa bado umesimama tunaruhusiwa kuuangusha? Na mmoja wetu ana hoteli, angependa kujaza pikapu mara moja badala ya kubeba mgongoni kila siku. Leseni ni ile ile?

Msitu_na_Maji
Dada, tuanze na hilo la CFA maana ndilo linalowaponza wengi. CFA ni chama cha jamii kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Sheria ya Misitu ya 2016 inakiruhusu kiingie mkataba na KFS (Huduma ya Misitu Kenya), na katika haki ambazo jamii inaweza kupewa, kuni zimo, pamoja na nyasi, asali na dawa za mitishamba. Lakini haki hiyo ni ya chama. Pesa unazolipa pale ni za uanachama, na risiti yake inaonyesha wewe ni mwanachama, basi. Kibali cha kutoa kuni msituni ni leseni ya mwezi kutoka KFS, na hutolewa kwenye kituo cha msitu.

Nendeni kituoni kila mtu na kitambulisho chake. Foresta atawaambia ni sehemu gani ya msitu iko wazi mwezi huo, kisha mtapewa bili. Ada ya mzigo wa kubeba kwa miaka mingi imekuwa karibu shilingi 100 kwa mwezi, ila ulizeni kiwango cha sasa kabla ya kutoa chochote. Malipo ya serikali siku hizi ni kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, paybill 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie, hiyo si ada ya msitu.

Ukipewa leseni, isome hapo hapo kabla hujaondoka: jina, namba ya kitambulisho, kituo, sehemu, tarehe ya kuisha. Usidhani ni siku 30 tangu ulipolipa, angalia tarehe iliyoandikwa. Na ni ya mtu mmoja. Akina mama tisa, leseni tisa. Ukiugua, binti yako hawezi kuibeba akaenda badala yako.

Kamba_ya_Katani
Naongezea kuhusu huo mti uliosimama: hapana. Leseni ya mzigo ni ya kuni zilizokufa na zilizo chini. Mti mkavu uliosimama una ndege, una nyuki, na ukiuangusha unavunja michipukizi iliyo chini yake. Foresta anaweza kuruhusu mti fulani, lakini auonyeshe yeye mwenyewe.

Kujua tawi limekufa si kuangalia majani tu. Kwangua gamba kwa ukucha: ukiona kijani au unyevu, liache. Likunje: tawi lililokufa huvunjika kwa mlio, bichi hupinda. Tawi lililovunjwa na upepo jana liko chini, sawa, lakini bado ni bichi, na renja hana njia ya kujua kama ni upepo au ni panga lako.

Halafu kuna kosa moja dogo ambalo huwashika hata watu waaminifu. Mtu anaokota kuni kavu kabisa, halafu anachuna gamba la mti mbichi ili afungie mzigo. Renja haangalii kuni tena, anaangalia kamba. Kuchuna gamba ni kuumiza mti, na ukiuchuna kuuzunguka wote unakufa. Bebeni kamba ya katani au mpira kutoka nyumbani.

Panga na shoka ulizeni kituoni, vituo vingi havitaki kuviona. Msumeno wa injini usiuguse kabisa: kuingia nao tu msitu wa umma bila kibali ni kosa hata kama hujakata kitu.

mama_kuni_9
Asanteni sana. Na saa za kuingia? Wengine wetu wana mifugo, wanapata nafasi jioni.

Msitu_na_Maji
Sheria inakataza kuwa ndani ya msitu wa umma kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa unapita kwenye barabara inayotambulika. Jioni ni hatari pia kwa sababu ya ndovu na nyati, na mtu mwenye mzigo mgongoni hakimbii.

Kwa Aberdare hasa, msitegemee ule ua wa umeme kuwaonyesha mpaka. Ua ule wa kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009, umezunguka msitu wa KFS na hifadhi ya taifa kwa pamoja. Ukiwa ndani ya ua unaweza kutembea ukatoka msituni ukaingia hifadhini bila kuona waya wowote. Huko ni kwa KWS (Huduma ya Wanyamapori Kenya) na leseni yenu haifanyi kazi. Mwambieni skauti wa CFA awaonyeshe alama: kijito, barabara, kigingi.

Faini mkitaka kujua: kutoa mazao ya msitu bila leseni si chini ya shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mzigo wa kuni hauna bei hiyo.

Stera_Moja
Hilo la pikapu. Leseni ya mzigo ni mzigo mmoja kwa siku, unaobebwa na mtu. Punda, boda na pikapu ni habari nyingine, hata kama kuni ni zile zile. Na msijaribu kurundika mizigo tisa kando ya barabara kisha pikapu ipite kuikusanya. Kwa renja hiyo ni biashara, na leseni zenu zote tisa ziko hatarini.

Kuni za hoteli zitafutwe kwenye mashamba ya miti ya KFS, saipresi na paini, baada ya miti kupunguzwa au kuvunwa. Vilele na matawi hubaki. Kwanza uliza ni vya nani: kama mwenye kiwanda cha mbao bado hajamaliza kusafisha sehemu yake, huenda mabaki bado ni yake. Kama yamerudi kwa KFS, utauziwa kwa stera, yaani rundo lililopangwa la mita moja kwa moja kwa moja. Lipangeni vizuri kabla foresta hajaja kupima. Rundo lililopangwa ovyo lina hewa nyingi, na hewa hiyo mnailipia. Hata likipangwa vizuri, mbao yenyewe ni kama 0.65 ya ujazo.

Pikapu yenye kitanda cha mita 2.3 kwa 1.5, kuta sentimita 45, ikijazwa sawasawa na kuta inabeba stera moja na nusu hivi. Akilipia moja akajaza hadi juu ya kuta, kwenye kizuizi cha barabarani watapima. Dereva awe na risiti na kibali cha kusafirisha, na namba ya gari kwenye karatasi iwe ya gari hilo. Gari likiharibika ukahamishia kuni gari lingine, rudi kituoni kwanza.

Binafsi ningemshauri anunue mikaratusi ya mkulima jirani. Kuni za saipresi zinarusha cheche na moshi wake ni mwingi, jikoni kwa hoteli ni kero.

jirani_wa_Namanga
Kwa walio upande wa Tanzania: hifadhi za misitu za taifa ziko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), muone afisa wao wa wilaya. Msitu wa kijiji ni serikali ya kijiji na kamati ya maliasili, na kila kijiji kina sheria zake ndogo, kwa hiyo cha jirani hakikuhusu. Ukisafirisha kwa gari uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, igongwe muhuri kila kizuizi, na uulize kwanza saa zinazoruhusiwa kusafirisha mzigo.

mama_kuni_9
Bado moja. Wapo wanaotuambia kuni zilipigwa marufuku kabisa.

Msitu_na_Maji
Wanachanganya na katazo la Februari 2018, lililohusu uvunaji wa miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 rais alitangaza kuliondoa. Lakini foresta anaweza kufunga sehemu fulani wakati wowote, kwa mfano palipopandwa miche au wakati wa kiangazi moto ukihofiwa, na sehemu ikifungwa leseni yako haikufungulii. Kila mnapokata leseni mpya ulizeni ni wapi pamefungwa, na mmoja wenu aandike.