Bustani ya maua ya wazazi, parseli iko juu ya lava ya 2002: tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Lava (Goma)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Sisi ndugu wanne tunataka kurudisha bustani ya maua ya wazazi kwenye parseli iliyofunikwa na lava ya Januari 2002, upande wa uwanja wa ndege. Nafasi ni kitalu cha mita 4 kwa mita 1 mbele ya nyumba, kinachopigwa jua toka asubuhi, pamoja na kona moja yenye kivuli pale maji ya bati yanapomwagikia. Shida ni kwamba majina ya maua hatuyajui. Tunakumbuka sura tu, kama watoto wanavyokumbuka.

Moja lilikuwa na kichwa kikubwa kama kabichi, rangi ya bluu. Jingine jeupe, limejikunja kama karatasi ya kufungia karanga, na ndani kuna kidole cha njano. La tatu lilifunguka jioni, mbegu zake nyeusi kama pilipili manga. La nne lilikuwa na vifuko vya mbegu vinavyopasuka ukivigusa. Halafu kulikuwa na waridi jekundu lenye harufu, ambalo miaka ya mwisho lilianza kutoa maua madogo meupe na jekundu likapotea kabisa. Na dalia, hiyo jina tunalo.

Ni maua gani haya? Yataota juu ya lava? Udongo unahitajika kiasi gani? Maji tunayochota ni ya ziwa, kwa bidoni. Aksanti.

Fundi_Kitalu (Goma)

Karibu, ndugu. Majina kwanza, ni rahisi. La bluu ni ortensia. La karatasi ya karanga ni arumi (Zantedeschia). La jioni ni Mirabilis jalapa, na hilo hata usipolitafuta litakuja lenyewe. Ukipanda mbegu moja, mwaka wa pili una miche kila pembe. La vifuko vinavyopasuka ni balsamini, na ziko aina mbili: kama lilikaa kivulini na ua lake ni bapa, ni Impatiens walleriana, kama maua yalibanana kwenye shina nene lililosimama, ni Impatiens balsamina, inayovumilia jua zaidi. Ulizaneni ninyi wanne, mmoja atakumbuka lilikaa wapi.

Sasa lava. Watu wengi hapa Goma wanamwaga udongo moja kwa moja juu ya jiwe, wanapanda, wanafurahi mwaka mmoja. Kila mvua inateremsha udongo kidogo kidogo ndani ya nyufa, na baada ya misimu miwili kitalu kimezama kiganja kizima, mizizi iko nje, na mwenyewe anadhani mbolea imekwisha. Mbolea haijaisha, ni udongo umeshuka chini ya nyumba. Dawa yake ni kuziba kwa hatua: mawe ya ukubwa wa ngumi ndani ya mashimo, juu yake kokoto, juu yake mchanga mweusi wa volkano, kubwa chini na ndogo juu, mpaka upate sentimita 15 hivi. Kisha mwaga ndobo mbili za maji mahali pamoja. Mchanga ukizama pamoja na maji, ongeza kokoto. Maji yakituama zaidi ya saa moja, uko juu ya bamba zima la lava, itabidi ulitoboe kwa mtaimbo na nyundo kubwa kabla ya kuendelea. Turubai usiweke chini hata kidogo: linazuia udongo, ndiyo, lakini linazuia na maji, na waridi linaoza mizizi.

Ukuta wa kitalu ujenge kwa mawe yaleyale uliyovunja, bila simenti, urefu wa sentimita 50 juu ya tabaka hilo. Waridi na ortensia hazitaki chini ya hapo. Dalia inaridhika na 35, balsamini na 20.

Hesabu ya udongo: mita 4 × 1 × 0.5 ni mita 2 za ujazo, yaani ndobo 100 za lita 20. Lakini udongo mpya unashuka kama moja ya tano, kwa hiyo leta ndobo 125: udongo mweusi 75, samadi iliyooza 25, mchanga wa volkano laini 25. Ukiagiza kwa chukudu (kile kigari cha mbao cha kusukuma), hesabu saki moja ni ndobo mbili, usikubali hesabu ya macho. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi. Ingiza mkono katikati ya rundo, ukisikia joto bado ni mbichi na itaunguza mizizi. Na udongo ukiwa umechotwa kwenye jalala la zamani lenye majivu ya makala, ukatae. Mama wa Bukavu atakwambia sababu, naona yuko humu.

Mama_Ortensia (Bukavu)

Niko, mwanangu. Mtoto wa Lava, sikiliza, hilo la bluu ndilo litakalokusumbua kuliko yote.

Rangi ya ortensia haitoki kwenye mbegu peke yake, inatoka kwenye udongo. Udongo wenye asidi unaachilia aluminiamu, mmea unainywa, ua linakuwa bluu. Udongo usio na asidi unaifunga, na ua lilelile linakuwa la rangi ya waridi. Vilima vyetu vya Bukavu ni udongo mwekundu wenye asidi, ndiyo maana kwetu bluu inakuja bila kuombwa. Kwa hiyo ukichukua kipandikizi cha bluu Bukavu ukakipanda Goma kando ya ukuta wa simenti, ukakimwagia majivu ya jikoni, usishangae mwaka wa pili kikitoa maua ya rangi ya waridi. Hujadanganywa. Ortensia nyeupe ndiyo isiyogeuka.

Pima asidi (pH, namba ndogo ndiyo asidi nyingi) kwa vile vijikaratasi vya rangi: changanya udongo na maji ya mvua, nusu kwa nusu, uache yatulie, uchovye. Ukipata 5 na nusu au chini yake, bluu itakuja. Ukipata zaidi ya 6 na nusu, ni rangi ya waridi. Katikati utapata zambarau ya kusitasita, nayo si mbaya.

Kushusha kipimo, tumia shabu, ile chumvi yenye aluminiamu: kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji, mara moja kwa mwezi, baada ya kulowesha udongo kwa maji matupu. Mmea uwe na miaka miwili kwanza. Ukiongeza dozi ili iende haraka, utaona kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto. Hiyo ni mizizi imeungua. Na usiweke mbolea yenye fosfati nyingi, inafunga aluminiamu hata kama asidi iko sawa.

Kipandikizi: kata tawi ambalo halijatoa ua, sentimita 15, chini kidogo ya fundo. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo uyakate nusu ili yasinyonye maji bure. Chomeka kwenye mchanga wa volkano na udongo, nusu kwa nusu, kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Wiki nne mpaka sita inashika. Ukivileta kwa boti, vifunge mkungu mzima kwa gazeti lenye maji, kisha ndani ya mfuko uliotobolewa, uvishike wewe mwenyewe. Vikiachwa juu kwenye jua la ziwani, mpaka ufike Goma vimeiva.

Kukata sasa. Nyumba nyingi zina ortensia nzito, ya kijani, isiyotoa ua hata moja, na wenyewe wanasema imekuwa dume. Imekatwa vibaya tu. Aina hii inatoa ua kwenye tawi la msimu uliopita. Ukiipitisha mupanga kama uzio wa kiwanja, umetupa maua yote ya mwaka unaokuja. Kata kichwa kilichokauka mara tu kinapomaliza, juu ya jozi ya kwanza ya macho (pale machipukizi yanapotokea) yaliyonenepa, na kila mwaka ung'oe chini kabisa matawi mazee, theluthi moja, si zaidi.

Mtoto_wa_Lava

Aksanti sana Mama, aksanti Fundi. Mmoja wetu amekumbuka balsamini ilikuwa kivulini, chini ya dirisha, kwa hiyo ni ile bapa. Maji ya ziwa yanafaa kwa ortensia? Na lile waridi lilipatwa na nini?

Agro_Kivu (Goma)

Maji ya ziwa kwa ortensia, hapana. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana kipimo cha pH cha karibu 9, na yamejaa bikaboneti. Ukimwagilia nayo kiangazi kizima, shabu yote ya Mama inakwenda bure. Dalili yake: majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani. Chuma kipo ndani ya udongo, ila mzizi hauwezi kukichukua. Watu wanashauri kijiko cha siki kwenye ndobo. Hakitoshi hata kidogo, bikaboneti ni nyingi mno. Weka pipa la lita 200 chini ya bati, ukinge mvua, na maji hayo uyatunzie ortensia peke yake, lita 10 kwa shina mara mbili kwa wiki wakati wa Juni mpaka Agosti. Dalia na Mirabilis zitavumilia maji ya ziwa. Waridi pia, ukilichanganyia na mvua.

Mvua ya kwanza baada ya siku kavu usiikinge. Bati la Goma linabeba vumbi na masizi, na moshi wa volkano ya Nyiragongo ukipita juu ya mji, matone ya mwanzo yana asidi inayochoma majani. Acha dakika 10 hadi 15 zimwagike, ndipo usogeze pipa. Moshi ukikaa siku kadhaa, osha majani asubuhi kwa maji safi. Gesi ya salfa inaacha mabaka yaliyofifia katikati ya mishipa ya jani. Floridi inaanzia nchani na kingoni, ikiwa na mstari mwembamba wa kahawia kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai. Ndiyo maana sikushauri gladioli: ni kati ya mimea inayoumia mapema zaidi kwa floridi.

Waridi: halikugeuka rangi. Waridi la aina hiyo limeunganishwa juu ya shina la waridi-mwitu, na lile la mwitu lilichipua kutoka chini ya kiungo, likanyonya chakula chote, jekundu likafa. Ukinunua jingine, tafuta uvimbe mdogo kwenye shina, hapo ndipo kiungo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya uvimbe, fukua udongo mpaka lilipoanzia, ulivute kwa mkono mpaka ling'oke. Ukilikata kwa makasi, macho yaliyobaki yatatoa matatu.

Au ukwepe tatizo lote kwa kupanda kipandikizi chenye mizizi yake: tawi la unene wa kalamu, sentimita 20, macho manne au matano, theluthi mbili ndani ya udongo. Acha sentimita 80 kati ya shina na shina. Yakikaa yamebanana, msimu wa mvua unaleta madoa meusi kwenye majani, na dawa bila nafasi haisaidii. Okota majani yaliyoanguka, usiyaache yaoze hapo hapo, ugonjwa unarukia juu pamoja na matone. Kata mwishoni mwa Agosti: bakiza matawi matano, urefu wa sentimita 40 hadi 50, kila mkato juu kidogo ya jicho linalotazama nje.

Wa_Katanga (Lubumbashi)

Naongeza la dalia tu. Kila kiazi kiwe na jicho pale kilipoungana na shina la zamani. Kiazi kinene kisicho na jicho hakitaota hata ukikisubiri mwaka. Shimo la sentimita 12, mti wa kuegemea uuchomeke kabla ya kufukia, ukiuchomeka baadaye utakitoboa. Usimwagilie mpaka uone chipukizi, na likifika sentimita 30 kata ncha yake ili lipanuke. Kisha kiangazi kikiingia, ng'oa viazi uvihifadhi kwenye mchanga mkavu.

Fundi_Kitalu

Yaya, hilo la kung'oa ni la kwenu, ambako mvua inakatika Mei mpaka Septemba. Hapa Goma avikate mashina kiganja kimoja juu ya udongo, aviache ndani. Udongo wa volkano haushiki maji ya kuviozesha. Ang'oe kila mwaka wa tatu kwa ajili ya kugawa tu.

Mtoto wa Lava, arumi iweke hapo maji ya bati yanapomwagikia, ndiyo pekee inayopenda miguu yenye maji. Utomvu wake unawasha mdomo vibaya, na mbegu na mzizi wa Mirabilis ni sumu. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, hizo mbili zipande nyuma ya kizuizi, ile ya vifuko uwaachie waipasue.

Mtoto_wa_Lava

Tumeelewa. Jumamosi tunaanza na mtaimbo. Mama, vipandikizi vinne vya bluu tutavipata wapi?

Mama_Ortensia

Subiri mvua za Septemba zishike kwanza, na kitalu chako kiwe tayari, maana vikikaa siku tatu bila kupandwa vimekwisha. Niandikie ujumbe wa faragha wiki moja kabla. Nitakukatia sita, viwili huwa havishiki.